Mkufu wa Shanga si Soksi, Usiuloweke

Msomaji, mwaka juzi nilipata aibu hapa Eldoret. Mkufu wa shanga na ngozi alioniachia nyanya ulikuwa umeshika jasho na vumbi, nami nikautia kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya unga, nikaenda kulala. Asubuhi ngozi ilikuwa imevimba na uzi umelegea. Siku ya koito ya mdogo wangu ulimkatikia shingoni mbele ya wakwe. Tukaanza kuokota shanga chini ya viti.

Shanga zenyewe hazikuwa na kosa. Ni za kioo, nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki, na maji hayazidhuru. Kinachooza ni uzi, nayo ngozi ikilowa hukauka ikakakamaa. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, pitisha mswaki mkuukuu kati ya safu, kisha ulaze mkufu kivulini. Usiutundike msumarini, uzito wa shanga huvuta uzi.

Bangili ya shaba ikififia, isugue kwa limau na chumvi kidogo, isuuze upesi na kuikausha kabisa. Lakini limau lisiguse kipuli cha mfupa, maana asidi huula. Hicho kifute tu, ukipake tone la mafuta.

Nawe mwanafunzi unayeoga na bangili ya shanga mkononi, ivue kwanza!

Mkufu wa nyanya ulitungwa upya na mama mmoja sokoni, kwa uzi wa nailoni. Shanga saba hatujaziona hadi leo.