Ikulu ya Mtemi Isike na Miembe ya Njia Kuu



Neno "Ikulu" kila mtu analo mdomoni, lakini wachache wajua lilikotoka. Ni neno la Wanyamwezi, maana yake makao ya mtemi. Ikulu moja iliyovuma sana ilikuwa Isiunula, karibu na mji wa Tabora, makao ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Habari zake zatuhusu, kwa kuwa misafara mingi iliyopita huko mtaji wake ulitoka Unguja, na baadaye Wanyamwezi walivuka bahari kuja kufanya kazi katika mashamba ya karafuu.

Isike alitawala tangu miaka ya 1870. Tabora ndipo njia ya Bagamoyo ilipogawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini hata Buganda, na wenye misafara walilipa hongo. Wadachi walipotaka kuimiliki nchi, Isike alikataa. Mwaka 1892 walilishambulia boma lake wasiliweze. Januari 1893 Tom von Prince akaliingia, na Isike, asikubali kushikwa, akaiwasha ghala yake ya baruti.

Hata hivyo mgeni afikaye Tabora huelekezwa kwanza Kwihara, kwenye nyumba ya makumbusho ya Livingstone. Sina ugomvi na nyumba hiyo. Lakini Livingstone alikaa pale miezi michache tu ya mwaka 1872, akingojea wapagazi. Si haki mgeni akumbukwe kuliko mwenye nchi.

La pili ni miti. Kuta za udongo hazidumu, na hata za mawe huanguka: kasri ya Marhubi, aliyoijenga Seyyid Barghash, iliungua mwaka 1899 ikabaki magofu. Lakini miembe iliyopandwa na watu wa misafara bado yaonyesha njia ya zamani. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Lakini orodha haimwagilii mti. Mwembe huzeeka, na ukianguka bila mche kando yake, alama imepotea.

Wako wasemao kwamba chini ya miembe ile walipitishwa watumwa katika minyororo, basi heri ife. Sikubaliani nao. Mikarafuu ya kwanza ya Unguja na Pemba nayo ilipandwa kwa mikono ya watumwa, wala hatukuing'oa kwa sababu hiyo. Ukikata mti hufuti dhuluma. Wamwondoa shahidi wake.

Sisi twajua kazi ya kurudishia miti. Aprili 1872, Livingstone akiwa Kwihara, tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mashamba yalipandwa upya, na Pemba iliyosalimika ikazidi kupanda.

Basi naomba chama chetu kiwaandikie wakuu wa Mkoa wa Tabora mambo mawili: Isiunula pawekwe jina la Isike na kivuli cha miti, na kila mwembe mzee wa njia kuu upandiwe mche ubavuni, kwa mbegu yake wenyewe. Gharama yake ni ndogo. Miti haingojei mikutano.