Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: Usaili wa kidato cha kwanza uandikwe kwa lugha mbili

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mtumba, Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Yah: Mitihani ya usaili ya kujiunga na shule binafsi za sekondari

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wazazi wengi ambao hawatakuandikia kamwe, na kwa sababu uwezo wa kulimaliza uko ofisini kwako.

Kila mwaka Septemba ikikaribia, wazazi hunijia baada ya vipindi. Si watu wenye fedha. Mmoja anauza mboga sokoni, mwingine anaendesha bodaboda, mwingine ameahidiwa na ndugu kwamba mtoto akipita usaili wa seminari, ada watachangiana ukoo mzima. Wote wanataka kujua: mwalimu, huyu atapita? Ningependa kuwajibu kwa kuangalia akili ya mtoto. Inanibidi niwajibu kwa kuangalia Kiingereza chake.

Mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, amesoma Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili tangu alipoanza shule, kama mtaala wa serikali unavyoelekeza. Anatafuta kigawe kidogo cha shirika bila kusita, anatenga namba tasa na namba witiri, anakokotoa mzingo wa duara na riba ya benki. Kisha siku ya usaili anawekewa mbele karatasi ya Hisabati iliyoandikwa yote kwa Kiingereza. Niliwahi kumpa mwanafunzi wangu mmoja karatasi ya usaili ya mwaka uliotangulia, nakala zinazouzwa steshenari. Swali la tangi la maji linalojazwa na bomba aliliacha wazi. Nilipomsomea kwa Kiswahili alitoa jibu kabla sijafika mwisho wa swali. Shule ambayo ingemkataa mtoto huyu ingesema hajui Hisabati, na ingekuwa imekosea.

Ndiyo maana maandalizi yetu ya Jumamosi hayafanani na tuisheni ya Hisabati. Watoto wanafungua kaunta buku, wanapiga mstari katikati ya ukurasa, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Kuna kurasa za maumbo, za vipimo, za sehemu na desimali. Majina ya vitu hayawasumbui sana. Pembetatu wataikariri kwa siku moja. Kinachowaangusha ni vineno vidogo vinavyobeba swali lenyewe: kadiria, rahisisha, gawanya kwa uwiano, imebaki ngapi, imezidi kwa ngapi. Mtoto asipoelewa hayo mawili ya mwisho, anajumlisha mahali pa kutoa, na anayesahihisha hana njia ya kujua kwamba kosa ni la lugha. Tunarudia, tunarudia tena. Wakati huohuo, mwenzake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye vineno hivyo alivipata chekechea, anaitumia Jumamosi yake kwa maswali magumu zaidi. Kwa hiyo pengo linapanuka hata tukijitahidi kiasi gani. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe maandalizi tu ya sekondari. Jumamosi hizi zinaniuma kwa sababu hiyo pia.

Najua wamiliki wa shule watajibu nini: sekondari inafundisha kwa Kiingereza, asiyekijua atafanya nini humo? Hoja ina uzito, na jibu lake ni karatasi ya Kiingereza. Waitunge ngumu wapendavyo na waipe alama zake. Karatasi ya Hisabati ipime Hisabati. Tena shule nyingi kati ya hizohizo huwaita waliochaguliwa mapema kwa masomo ya awali kabla ya kidato cha kwanza, na shule za serikali nazo huanza kidato cha kwanza kwa kozi ya kuwavusha watoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Wote tunakubali basi kwamba lugha inaweza kufundishwa baada ya mtoto kupokelewa.

Wala sikuombi jambo geni. Baraza la Mitihani la Tanzania hutunga mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, na hutoa karatasi za Kiingereza kwa shule za mchepuo huo. Serikali imekwisha kuamua kwamba mtoto apimwe kwa lugha aliyofundishiwa. Usaili wa shule binafsi, ambazo ofisi yako ndiyo inayozisajili, unakwenda kinyume cha uamuzi huo. Na shule binafsi inayotaka kumtafuta mtoto wa kayumba humpata: St Jude ya Arusha, iliyoanzishwa 2002, huchagua watoto wenye uwezo kutoka familia maskini na shule za serikali, na huwasomesha bila ada.

Utaniambia kwamba mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nimeufurahia kwa moyo wote. Lakini walioanza nao darasa la kwanza watamaliza darasa la sita, ambalo kwa mtaala huo ndilo la mwisho, mwaka 2029. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na makundi yote mawili yalianza shule kabla ya mabadiliko hayo. Watoto hao wataingia kidato cha kwanza 2028 kwa wingi ambao hatujauzoea, na nafasi za shule binafsi zitagombaniwa kuliko wakati wowote. Wa kwanza kuachwa nje watakuwa hawa ninaowafundisha.

Naomba waraka, Ndugu Kamishna. Kila shule binafsi inayofanya usaili wa kidato cha kwanza itoe karatasi za masomo yote yasiyo ya lugha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mtoto achague. Karatasi za miaka iliyopita zibandikwe bure kwenye mbao za matangazo na kwenye tovuti za shule, ili mama muuza mboga asizinunue kwa bei ya mchuuzi. Watunzi wa mitihani wanahitaji muda, kwa hiyo waraka utoke mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kabla fomu za usaili hazijaanza kuuzwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati, darasa la saba
Morogoro