Buibui wa Kutani Mwetu

Kandokando ya Ziwa Viktoria, katika kuta za nyumba na mashina ya miti, huishi buibui mdogo asiyefuma utando wa kutegea. Huwinda kwa macho yake, akainyemelea windo na kuirukia. Wataalamu humwita Evarcha culicivora.

Jina hilo alipewa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand. Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune, kutokana na utafiti uliofanyika Mbita, nchini Kenya, walitangaza jambo la ajabu: buibui huyu hupendelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Hana uwezo wa kutoboa ngozi yetu. Damu huipata kwa kupitia mbu. Tena hata akiwa mchanga humbagua mbu aina ya Anofelesi, yule aenezaye malaria.

Hatusemi kwamba buibui atachukua nafasi ya chandarua na dawa. Anayesema hivyo anawapotosha wananchi. Tusemalo ni kwamba ni aibu kiumbe huyu kujulikana Ulaya na Marekani, ilhali katika nyumba anamoishi huuawa kwa ufagio pasipo mtu kumtazama mara mbili.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, nasi tunawashukuru. Lakini mwenyeji naye hana budi kusimama. Thomas Odhiambo alikwisha kutuonyesha njia alipoanzisha mwaka 1970, jijini Nairobi, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu; na kambi ya Mbita ina jina lake.

Kwa hiyo twazihimiza shule zetu za kando ya ziwa zianze kazi hii. Haihitaji mitambo ya gharama: daftari, chupa, kioo cha kukuzia na subira vyatosha. Mwanafunzi aandike alichokiona, siku na mahali. Watafiti nao wayarejeshe matokeo yao vijijini kwa Kiswahili, na kijana aliyekusanya buibui juani atajwe katika maandishi kama mshiriki, asihesabiwe kuwa mchukuzi wa mizigo tu.

Elimu ya kuta zetu ikibaki katika makabati ya ng'ambo, tutaendelea kuwa wapangaji ndani ya nyumba yetu wenyewe.