Sufuria Moja, Paka Watano

Katika mji mdogo wa Mombo, wilayani Korogwe, penye njia panda ya kupandia Soni na Lushoto, paka hafugwi kwa anasa. Mashamba ya mpunga wa umwagiliaji yako karibu, magunia ya mahindi hushushwa na kupakiwa, na penye nafaka pana panya. Kwa hiyo si ajabu nyumba moja kuwa na paka wanne au watano. Nao hulishwa kwa namna moja: jioni sufuria kuukuu huwekwa uani, ndani yake ugali uliobaki na vichwa vya dagaa, na kila paka hula apatacho.

Utaratibu huo hauonyeshi kasoro yake mpaka siku mmoja wa paka hao anapopata kisukari. Hapo sufuria moja inakuwa adui wa mgonjwa, kwani inamficha asijulikane na kumlisha kisichomfaa, na tena humzuia mlezi asijue amekula kiasi gani. Katika nyumba yenye paka wengi, matibabu ya kisukari hayana budi kuanzia kwenye chombo cha chakula, kabla ya kufikia sindano.

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya paka wanaolelewa kwenye makochi huko Ulaya. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Paka anayewinda usiku kucha hayumo sana hatarini. Lakini hatari haitazami ramani; hutazama umri, unene na uvivu. Dume aliyehasiwa, aliyevuka miaka saba au minane, ashibaye mabaki ya vyakula na kulala mchana na usiku, yumo hatarini akiwa Mombo kama angalikuwa London.

Kisukari cha paka hufanana sana na kile cha binadamu cha aina ya pili. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuziwezesha seli kupokea sukari iliyomo katika damu. Katika paka mnene seli huwa nzito kuitikia insulini. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka hatimaye huchoka. Sukari hujaa katika damu, hufurika katika mkojo, na huvuta maji pamoja nayo. Ndipo paka hunywa maji mengi, hukojoa sana, hula kwa pupa, na bado hukonda. Wengine hudhoofika neva za miguu ya nyuma, wakawa wanatembea kwa kukanyagia visigino.

Dalili hizo ni rahisi kuziona kwa paka aliye peke yake. Lakini karai la maji likikauka upesi katika nyumba ya paka watano, ni nani aliyeyanywa? Tuseme sufuria ilitiwa gramu 500 za chakula, na asubuhi ni tupu. Mwanafunzi wa hesabu atajibu haraka kwamba kila paka amekula gramu 100. Jibu hilo ni sahihi kama wastani na ni potofu kama habari. Huenda dume mwenye nguvu alikula gramu 250, na mgonjwa akaambulia 20. Wastani haukumlisha paka yeyote.

Tena yafaa kukumbuka kwamba paka ni mla nyama halisi. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga kilicho katika mate ya binadamu, na ini lake si hodari wa kupokea sukari nyingi inayoingia kwa mkupuo. Hata ladha ya utamu haijui: mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni mojawapo inayohitajika ili ulimi utambue utamu imeharibika katika ukoo wote wa paka. Wanga humpatia paka mwindaji asilimia 2 hivi tu ya nishati yake. Iliyosalia hutokana na protini na mafuta. Ugali nao ni wanga karibu mtupu. Vyakula vikavu vya paka vinavyouzwa madukani mijini navyo mara nyingi vina wanga mwingi kuliko panya.

Kutokana na hayo, ushauri wa kumpikia mgonjwa chakula chake na kuwaachia wenzake ugali hauna busara. Paka hawatii mipaka. Mgonjwa ataiba cha wenzake, nao wataiba chake. Lililo bora ni paka wote kula chakula kimoja, kile kimfaacho mgonjwa, bali kila mmoja mahali pake, kwa kipimo chake na kwa saa yake. Chakula cha nyama na samaki hakimdhuru paka mzima; ndicho chakula alichoumbiwa.

Katika mazingira ya Mombo jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Dagaa wakaushwao kwa chumvi walowekwe kwanza, maji yamwagwe, kisha wachemshwe katika maji mapya. Mchuzi wake usitupwe, kwa sababu taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa hupofuka na kuugua moyo, huyeyuka katika maji. Vipande vya moyo wa ng'ombe na firigisi za kuku vinafaa sana. Maini yawe kidogo, kwani vitamini A ikizidi hudhuru mifupa. Mchuzi wa nyumbani wenye vitunguu usitumiwe kabisa, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Chakula hicho kitolewe asubuhi na jioni, kwa saa zisizobadilika. Mgonjwa aingizwe chumbani au stoo na mlango ufungwe. Pasipo na chumba, tenga la kufunikia kuku linatosha. Baada ya nusu saa chombo kiondolewe na kilichobaki kipimwe. Kisichoandikwa husahauliwa, daftari la kurasa chache, lenye tarehe, kiasi alichopewa na kiasi alichobakiza, lina thamani kuliko kumbukumbu za watu watatu. Uzito nao upimwe kila mwezi, paka akiwa ndani ya kikapu kilichoning'inizwa kwenye mzani wa sokoni, na uzito wa kikapu utolewe. Paka mnene wa kilo 6 apunguzwe kwa asilimia 1 kwa juma, yaani gramu 60, ambazo kwa mwezi ni kama robo kilo.

Hapa pana kosa moja la hatari. Wengine, wakisikia kwamba unene ndio chanzo, humfungia paka asile kabisa. Paka mnene akikaa siku chache bila chakula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulisonga, naye aweza kufa kwa ugonjwa huo kabla kisukari hakijamuua. Apunguziwe polepole, asinyimwe.

Baadhi ya paka, chakula chao kikirekebishwa na kutibiwa mapema, hufikia hali ya kutohitaji insulini tena. Wengi, hata hivyo, huihitaji angalau kwa muda, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Hapo kipimo cha chakula kinakuwa jambo la uhai. Paka aliyepigwa sindano hali hakula, au aliyekula akatapika, sukari ya damu yake yaweza kushuka mno: hulegea, hutetemeka, hupatwa na degedege. Asali ipakwe kwenye ufizi wake na daktari wa mifugo aitwe upesi. Vivyo hivyo, paka aliyezoea sindano na ugali akihamishiwa nyama ghafla, dozi ya jana yaweza kuwa sumu leo. Chakula kisibadilishwe bila daktari kujua. Na sindano iwe ya insulini iliyomo chupani. Sindano iliyotengenezwa kwa insulini ya vizio 40 kwa mililita ikivutia ile ya vizio 100, mgonjwa hupata dozi mara mbili na nusu.

Limebaki swali ambalo haliepukiki: je, ni haki kumpa paka dawa ambayo binadamu huihangaikia? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Insulini ya mtu aliyeandikiwa na hospitali ni yake peke yake. Kuigawia paka ni kumpunja mgonjwa, na ni hatari kwa wote wawili. Paka atafutiwe yake kwa njia ya daktari wa mifugo. Isipopatikana, daktari huyo ndiye wa kushauriwa juu ya hatua inayobaki. Lakini kipimo, saa na daftari havimpunji mtu yeyote, na havina kisingizio.

Tena binadamu ana deni kwa wanyama katika jambo hili. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, von Mering na Minkowski walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Ndipo kiungo chenye lawama kikajulikana. Mwaka 1921, mjini Toronto, Banting na Best waliwatumia mbwa wakaipata insulini, na Januari 1922 kijana wa kwanza akatibiwa. Elimu iliyotoka kwa mnyama haina aibu kumrudia mnyama.

Kwa walimu wa biolojia, sufuria ya uani ni maabara isiyogharimu kitu. Wanafunzi na wapime kwa juma moja kile ambacho kila paka wa nyumbani amekula hasa, kisha walinganishe na wastani. Wakishaiona tofauti, waulizwe swali la pili: katika sinia ya chakula cha jioni, ambapo mikono mingi hukutana, bibi mwenye kisukari amekula kiasi gani? Ikiwa hakuna awezaye kujibu, somo la paka litakuwa limefika mahali pake.