Jibu la kweli, alama sifuri

Mimi ni mtoto wa Tabora, na hilo ndilo lililoniponza. Juzi kwenye diskasheni ya kujiandaa na usaili tulikutana na swali hili: "Kila msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita Tabora. Msafara mmoja wa pembe ulionekana Tabora. Lipi ni lazima liwe kweli?"

A: Msafara huo ulitoka Bagamoyo. B: Ulikuwa unakwenda Ujiji. C: Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. D: Msafara ambao haukupita Tabora haukuwa wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Nikapiga C bila kupepesa macho. Nimekulia kwenye miembe ya njia hiyo, na shule ya msingi tulipelekwa Kwihara kuona tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nani aniambie Tabora haikuwa kituo? Mwenzangu akauliza taratibu: "Dada, swali limesema wapi?" Nikakosa la kusema. C ni historia ya kweli, ila haitoki kwenye zile sentensi mbili. Jibu ni D.

A na B zinaanguka kwa sababu nyingine. Pale Tabora njia ziligawanyika: moja magharibi kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe hadi Buganda. Wa Ujiji wote walipita Tabora, sawa, lakini si wote waliopita Tabora walikuwa wa Ujiji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maswali haya yapo kutukomoa. Tangu walimu nao waanze kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, madesa ya majibu yamejaa kwenye simu zetu. Desa linakupa herufi. Halikwambii A imeanguka wapi, na swali likigeuzwa kidogo tu umekwisha.

Mimi nasema tuanze na vipotoshi. Kila mtu apewe jibu moja alitetee kama wakili, mpaka aonyeshe mstari unaolibeba au asalimu amri. Inakula muda, sikatai. Sisi tulimaliza maswali sita kwa saa mbili, na wawili wakaondoka wakinung'unika.

Lakini sisi ni walimu jamani. Darasa la sita niliwahi kuuliza kwa nini jibu langu limekosewa, nikaambiwa, "Ndivyo majibu yalivyo." Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Alhamisi tunaendelea na swali la saba. Nimepangiwa kutetea B, na mpaka sasa sijapata mstari.