Tutoe Vitabu Sandukuni

Kumbuka kitabu kimoja ulichokipenda ulipokuwa na miaka minane au kumi. Sisemi kile cha kufaulia mtihani. Nasema kile ulichokirudia mpaka jalada likabanduka, ukakijalidi upya kwa karatasi ya kaki na kuandika jina lako juu kwa herufi kubwa. Kiko wapi leo? Naandika kukuomba ukitafute na umsomee mtoto.

Kwa wengi wetu jina la kwanza kuja ni Abunuwasi. Mshairi Abu Nuwas aliishi kweli Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9, ila Abunuwasi wetu ni mtu wa pwani hii, amelelewa kwenye baraza na kukuzwa na vitabu vya shule. Anaazima sufuria kwa jirani, kisha anairudisha ikiwa na kisufuria ndani: imezaa. Jirani anapokea vyote viwili kwa furaha, wala haulizi. Safari ya pili sufuria hairudi. Imekufa. Jirani anakuja juu, tangu lini sufuria ikafa? Watoto wanaosikiliza wanalijua jibu kabla halijatamkwa, na wanapiga kelele kulitoa wao wenyewe.

Hebu tazama kilichofanyika hapo. Mtoto wa darasa la tatu amefundishwa mantiki, na ameonyeshwa mtu anayeukubali uongo kwa kuwa unamnufaisha. Hakuna aliyemhubiria. Akishakuwa mtu mzima mwenye akiba yake ndogo, ataletewa ujumbe wa simu unaoahidi kwamba fedha zake zitazaa mara mbili ndani ya wiki. Semina haitakuwa karibu, wala wakili. Lakini sufuria iliyozaa itakuwepo, kichwani mwake, pale ilipowekwa zamani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoviita vitabu hivi vya kupotezea muda. Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Wako watu wazima ambao wamesahau mfuatano wa kisa kile, majina ya miji na ya wafalme, lakini hawajawasahau manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu anayewapenda, kwa kuwa ni ndugu zake waliogeuzwa. Anawachapa, kisha anawahurumia. Mtoto akikutana na jambo kama hilo hupata swali ambalo hawezi kulimaliza siku hiyo. Analibeba. Atalifungua tena siku atakapokuwa yeye ndiye mzazi, au mwalimu mwenye fimbo mkononi.

Lakini kitabu hakijisomi, wala hakijihamishi kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Kisa cha Alice na sungura mwenye saa kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, kikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 kikatoka upya katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ni miaka 75 kati ya vitabu hivyo viwili, na ilibidi mtu akae chini aone kwamba watoto wa sasa nao wanastahili kucheka kwa Kiswahili chao. Kule Garissa, tangu mwaka 1996, huduma ya maktaba ya Kenya imekuwa ikipakia vitabu kwenye ngamia na kuvipeleka kwa watoto wa jamii za wafugaji, wanaosomea kwenye mikeka. Wahudumu wale hawakusubiri barabara ya lami.

Sisi tunasubiri nini? Vitabu vingi vya utotoni mwetu vimo kwenye masanduku chini ya vitanda, vinaliwa na mchwa, huku watoto wa nyumba ileile wakijua kitabu kama kitu cha kukaririwa na kujibiwa maswali. Basi leo jioni kitoe. Kama kimepotea, pita kwa wauza vitabu vilivyotumika, uliza kwa ndugu, nenda maktaba. Usipokipata, mwambie mwenye duka la vitabu jina lake, kisha mwambie tena mwezi ujao. Mchapishaji hurudia kuchapa kitabu anachoona kinaulizwa, na asiposikia sauti yetu ataamini kwamba tumekisahau.

Ukishakipata, usimkabidhi mtoto tu na kuondoka. Soma kwa sauti, hata kurasa mbili, na ukifika pale ulipokuwa ukicheka, cheka. Na nakusihi sana, ukimaliza usimuulize maswali ya ufahamu. Usimuulize hadithi inatufundisha nini. Akitaka irudiwe, irudie, hata kama ni ileile kwa wiki nzima, maana ndivyo nasi tulivyofanya. Mwite na mtoto wa jirani. Kitabu kimoja kinatosha watoto sita wakisogeleana.

Walimu, mkiweza kupata kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kwa raha, bila daftari wala alama, mtakuwa mmetenda kazi ambayo itaonekana baadaye sana. Na ninyi mlio mbali, Muscat au London, ambao watoto wenu wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa lugha nyingine, wapigieni simu bibi na babu huku nyumbani. Waombeni wawasomee wajukuu, hekaya moja kila Ijumaa, wakirekodi kwa sauti zao kama saa hazilingani. Waambieni wasome polepole, na wasiruke pale sufuria inapokufa.