Maneno ya Ukoo ya Kikorea Hayafai Kuahirishwa

Anayeanza kujifunza Kikorea hukutana mapema na ushauri huu: majina ya ndugu yaache kwanza. Jua kusalimia, kuhesabu na kununua. Habari za mjomba, shemeji na wifi utazikuta mbele ya safari. Wanaoshauri hivyo wana sababu. Kaka mkubwa wa msichana ana neno lake na kaka mkubwa wa mvulana ana lake. Bibi mzaa baba hatajwi sawa na bibi mzaa mama. Ndugu wa mume wana majina yao na ndugu wa mke yao. Orodha hiyo ikiletwa yote kwa mkupuo, humvunja mtu moyo. Hata hivyo, ushauri huo una makosa matatu.

Kwanza, unachukulia kwamba maneno haya ni ya kueleza tu nani ni nani katika ukoo, ilhali kazi yake kubwa ni kumwita mtu. Kikorea hakina neno moja la "wewe" linalomfaa kila mtu. Neo ni la rika lako au mdogo wako. Dangsin ni la mume na mke kuitana, lakini ukimwambia mtu usiyemjua, linaweza kuzua ugomvi. Aliyekuzidi umri nawe humwiti kwa jina tupu. Kinachobaki ni cheo chake au neno la ukoo. Mvulana humwita kaka mkubwa hyeong na dada mkubwa nuna. Msichana humwita kaka oppa na dada eonni. Wadogo, yaani dongsaeng, huitwa kwa majina yao.

Tena maneno hayo hutoka nje ya mlango wa nyumba. Marafiki waliozidiana umri huitana hivyo hivyo, na mama wa makamo anayehudumu mgahawani huitwa imo, jina la ndugu wa kike wa mama. Tamthilia zimewaaminisha wengi kuwa oppa maana yake ni mpenzi. Ni kweli msichana humwita hivyo mpenzi aliyemzidi umri, lakini ndivyo amwitavyo pia kaka yake wa tumbo moja. Anayeahirisha maneno haya anaweza kuwa na sarufi safi na bado asijue namna ya kumwita mtu aliye mbele yake.

Pili, ushauri huo unayaona kama lundo la kukariri, kumbe ni mfumo. Kiambishi oe- huonyesha upande wa kukeni: halmeoni ni bibi, oehalmeoni ni bibi mzaa mama. Si- huonyesha upande wa mume: eomeoni ni mama, sieomeoni ni mama mkwe wa mwanamke. Juu ya hayo ipo hesabu ya chon, yaani hatua za udugu. Kutoka kwako hadi kwa baba ni hatua 1, hadi kwa babu 2, ukishuka kwa ndugu wa baba 3, kwa mtoto wake 4. Kwa kuwa sam ni 3 na sa ni 4, ndugu wa kiume wa baba, hasa asiyeoa, ni samchon, na binamu ni sachon. Hesabu hii inaishi mpaka leo: sheria ya Korea Kusini hukataza ndoa kati ya ndugu wa damu hadi chon ya 8.

Tatu, ushauri huo unawafaa zaidi watu ambao lugha zao humwita kila ndugu wa kiume wa mzazi kwa neno moja. Mswahili hayumo humo. Anajua tangu utotoni kuwa baba mkubwa si mjomba. Keunabeoji ni baba mkubwa, neno kwa neno. Jageunabeoji ni baba mdogo. Oesamchon ni mjomba. Gomo ni shangazi. Tahadhari moja tu: keuneomeoni, ingawa neno kwa neno ni "mama mkubwa", ni mke wa baba mkubwa. Dada mkubwa wa mama ni imo.

Ipo hoja nzito ya kunipinga: Wakorea wenyewe wanayabadilisha maneno haya. Mdogo wa kiume wa mume, akiwa hajaoa, huitwa doryeonnim, neno la heshima kubwa. Mdogo wa kiume wa mke huitwa cheonam, bila heshima hiyo. Wengi wamelalamika, na mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilitoa mwongozo wenye njia nyepesi zaidi, ikiwemo kuwaita mashemeji na mawifi wadogo kwa majina. Nakubali kuwa baadhi ya maneno ya wakwe yatapungua. Lakini watu hawabishani hivyo juu ya neno lisilo na uzito, wala mgeni hawezi kuufuata mjadala huo bila kuyajua maneno yenyewe.

Kwa hiyo, usingoje. Jifunze hyeong, nuna, oppa na eonni pamoja na salamu za mwanzo, kisha viambishi, kisha chon. Ya mashemeji na mawifi ndiyo yanayoweza kusubiri mpaka uwe na sababu ya kuyatumia.